Cheti cha Binamu na Kidole cha Getini



Kuna maneno ambayo kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa Kilosa au kule Mikumi huyasikia mapema sana baada ya matokeo kutoka: "Niazime cheti chako, kuna kazi imepatikana." Anayeomba si mtu baki. Ni binamu, au shemeji, au mtoto wa mama mkubwa, na anaomba kwa sababu anahitaji kazi na mtihani ulimkataa. Cheti kinatolewa kabatini, kinatolewa nakala stesheni kwa wapiga chapa, na baada ya wiki jina lako liko kazini Ruembe kwenye sukari, au kwa mkandarasi wa barabara, hali ya kuwa wewe mwenyewe umekaa barazani nyumbani unakunywa uji.

Makala haya ni kwa ajili ya kijana huyo na wazazi wake. Nimeyaandika sasa kwa sababu mashine za kusoma alama za vidole zinazidi kuenea katika mageti ya viwanda na kambi za wakandarasi, na watu wetu wanazipokea kwa hofu ambayo kwa sehemu ni ya haki na kwa sehemu si ya haki. Rai yangu naisema mapema ili asiyekubaliana nami asisumbuke kuitafuta. Mashine hizi tuzikubali, tena tuzidai pale ambapo hazijafika, maana zinamlinda mnyonge asiibiwe jina lake na siku zake za kazi. Lakini tuzikubali kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba mashine ikishindwa kumtambua mfanyakazi, hasara isimwangukie yeye.

Tuanze na wizi wenyewe, kwani wengi wetu hatuuiti wizi. Tunauita kusaidiana.

Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekuwa Waziri mwenye dhamana ya utumishi wa umma, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na hiyo ndiyo hesabu iliyojaa magazetini. Ndani ya ripoti hiyo hiyo mlikuwa na hesabu nyingine ambayo mimi naiona inatuhusu zaidi: vyeti 1,538 vilikuwa vinatumiwa na watumishi 3,076. Yaani cheti kimoja, watu wawili, na wote wawili wameajiriwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2016, Serikali ilikuwa imewaondoa katika orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walitoka kazini mikono mitupu, na ilichukua mpaka mwaka 2022 Serikali kutangaza kwamba watarejeshewa michango yao ya pensheni, ile waliyokatwa wao wenyewe katika mishahara.

Na huko ni serikalini, ambako kila mtu ana faili na Baraza la Mitihani linaweza kuulizwa. Katika kazi za msimu na za vibarua, nani anamuuliza nani? Karani ana daftari, mnyapara ana orodha, na majina yaliyomo humo mara nyingine hayana miili. Kibarua hewa hana tumbo lakini analipwa. Na kibarua halisi, aliyekata miwa tangu alfajiri, anaweza kukuta mwisho wa wiki siku zake mbili zimeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Atamlalamikia nani? Daftari liko mikononi mwa huyo huyo aliyeliandika.

Sasa nirudi kwa binamu aliyeazima cheti, maana hapo ndipo pana mambo ambayo sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kuyaona.

Tuseme amefanya kazi miaka sita kwa jina la mwenye cheti. Kila mwezi mshahara wake unakatwa mchango wa NSSF na mwajiri anaongeza wake, asilimia 10 na asilimia 10. Fedha zote hizo zinaingia katika jina ambalo si lake. Siku moja anaumia kwenye mtambo na anafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tangu mwaka 2015 tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mfuko huo huwalipa wategemezi wa mfanyakazi aliyefariki kwa sababu ya kazi. Mjane anakwenda kudai akiwa na cheti cha ndoa cha BAKWATA chenye jina la kweli la mumewe. Kwenye karatasi za kiwanda aliyefariki ni mtu mwingine. Tena huyo mtu mwingine yuko hai, pengine yuko Dumila anauza mbao, na amekuja mwenyewe msibani kuzika.

Nini kinafuata? Mjane yuko edani, watoto wanasubiri, na familia inakaa kikao usiku kuamua ni uongo gani waseme. Wakisema kweli, wanakiri kwamba marehemu aliingia kazini kwa kudanganya, na mwenye cheti anaingia hatiani pamoja naye. Wakishikilia uongo, basi mwenye cheti aandikwe amekufa, na mwenye haki ya kudai ni mke wa huyo aliye hai. Nendeni mkamuulize hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anayesikiliza mirathi jinsi anavyoweza kugawa mali ya maiti ambaye kwa mujibu wa karatasi hakufa, au mali ya mtu aliye hai ambaye kwa mujibu wa karatasi ameshazikwa. Elimu yetu ya mirathi imepanga mafungu kwa uangalifu mkubwa, theluthi, robo na thumni, lakini hesabu zote hizo zinaanza na swali moja dogo: nani amekufa?

Kuna jambo lingine ambalo hatupendi kulisema. Majina yetu yana baba ndani yake. Ukichukua cheti cha binamu umechukua na jina la baba yake, ukaliacha la baba yako, na kila siku unapoitwa kazini unaitikia kwa baba wa mwingine. Wanafunzi wa darasa la juu wanajua Surat al-Ahzab imesema nini kuhusu watu kuitwa kwa baba zao. Sina haja ya kuirudia hapa. Nashangaa tu kwamba familia ambayo isingekubali kamwe mtoto wake aandikwe kwa baba mwingine madrasa, inaona ni jambo jepesi akiandikwa hivyo kiwandani.

Basi kidole kinaingiaje?

Wazee wetu wakisikia habari za kidole getini wanakunja uso, na wana sababu. Kimamba na Rudewa ni nchi ya mkonge, na wazee wa huko wanalijua neno manamba. Ni neno la Kiingereza, la namba, lililogeuzwa likawa jina la watu. Mtu alitolewa kwao mbali kwa mkataba, akafika shambani akapewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Kadi yake ya kazi iliitwa kipande, ilikuwa ya siku 30, na siku ilihesabiwa pale tu alipomaliza kazi aliyopimiwa. Asipoimaliza, jasho lake la siku ile halikuandikwa popote.

Jirani zetu wa Kenya walionja makali zaidi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande chenye alama zao za vidole, ndani ya kikopo cha bati, na wengi walikivaa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na asipotia sahihi ya kumwachia mtu, basi mtu huyo aliyeondoka ni mtoro wa kutafutwa na polisi. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922, na kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania. Mpaka leo baadhi ya Wakenya wanakiita kitambulisho cha taifa kipande.

Kwa hiyo alama za vidole katika kazi si jambo geni Afrika Mashariki. Zilikuja zamani, na zilikuja kama kamba ya kumfungia mtu. Lakini asili yake ni ya zamani zaidi ya kipande, na humo kuna kisa ambacho wanafunzi wetu wanapaswa kukijua.

Mwaka 1858 huko Bengal, Uhindi, ofisa mmoja wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi aliyeitwa Rajyadhar Konai agonge kiganja chake chenye wino kwenye mkataba, ili asije akaukana. Miaka iliyofuata Herschel aliendelea kukusanya alama za vidole, na mwaka 1877, akiwa Hooghly, aliwataka wastaafu waweke vidole vyao wanapopokea pensheni. Kisa chake ni kile kile tulichonacho sisi: mstaafu alipofariki, mtu mwingine aliendelea kwenda dirishani kuchukua fedha kwa jina la marehemu. Ndugu msomaji, watumishi hewa si uvumbuzi wa Tanzania.

Tatizo lilibaki moja. Ukiwa na karatasi elfu kumi za vidole, utaipataje ile moja unayoitaka? Hapo ndipo anapoingia kijana wa Kiislamu wa Bengal, Qazi Azizul Haque, aliyesoma hisabati chuoni Calcutta na kuajiriwa katika polisi chini ya Mwingereza Edward Henry. Haque, pamoja na Hem Chandra Bose, walifanya kazi kubwa ya kupanga alama za vidole kwa hesabu, hata karatasi yoyote ikaweza kupatikana haraka kati ya maelfu. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na mwaka 1901 utaratibu huo ukapelekwa polisi wa London. Ukaitwa utaratibu wa Henry. Jina la bosi. Miaka mingi baadaye Henry mwenyewe alikiri mchango wa Haque, lakini vitabu vilikuwa vimeshachapwa. Elimu ya kulinda majina ya watu yenyewe ilianza na jina la mfanyakazi kuwekwa pembeni, na hilo mimi kila nikilifikiria linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Najua kuna msomaji anangoja nitaje Surat al-Qiyama na ncha za vidole. Wahadhiri wengi wa zama hizi wanaihusisha aya ile na alama za vidole, na wafasiri wa kale waliieleza kwa njia nyingine. Tafsiri tuwaachie wenye elimu yake. Hapa tunazungumzia geti la kiwanda.

Mashine ya getini inafanyaje kazi? Mara nyingi haitunzi picha ya kidole kama picha ya pasipoti. Inatafuta pale mistari ya ngozi inapokatika na pale inapogawanyika mara mbili, inapima umbali na mwelekeo wa alama hizo, na kuandika hesabu zake. Ukirudi kesho unaweka kidole, inapima tena, na inalinganisha hesabu mbili. Kamwe hesabu hizo hazilingani sawasawa, kwa sababu kidole cha leo kimebonyezwa kidogo upande, cha jana kilikuwa na jasho. Kwa hiyo mashine haijui ndiyo wala hapana. Inajua tu kwamba vidole viwili vinafanana kwa kiasi fulani, na kuna mtu, fundi au meneja, aliyeiambia mapema ni kiasi gani kinatosha kufungua geti. Akiweka kiwango chini, atapita asiyehusika. Akikiweka juu, atazuiwa mwenye haki. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa yote mawili, na nawaomba wanafunzi wa sayansi walikumbuke hili siku wakiambiwa kwamba kompyuta haikosei.

Sasa tazameni ni nani anayezuiwa. Karani wa ofisini mwenye vidole laini anapita bila shida. Anayekwama ni mkata miwa ambaye mpini wa panga umemsugua msimu mzima, ni mkata mkonge ambaye utomvu unamchoma ngozi, ni fundi anayeshika saruji bila glovu, ni mzee. Mistari ya ngozi huweza kurudi mtu akipumzisha mikono kwa wiki kadhaa, kama jeraha halikuzama ndani, lakini nani anayepumzisha mikono katikati ya msimu? Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo Januari 2020, tuliwaona wazee na wakulima wakibonyeza kidole kimoja baada ya kingine na mashine inakataa vyote. Laini ya simu ikikataliwa ni usumbufu. Siku ya kazi ikikataliwa ni chakula cha watoto.

Kina dada nao wana lao. Hina iliyokolea huweza kuzisumbua baadhi ya mashine zinazosoma kwa mwanga, na Idi ikipita msishangae mkiambiwa mrudie. Kwa upande mwingine, kwa dada anayevaa niqabu kidole kina staha kuliko mashine za kutambua sura ambazo sasa baadhi ya kampuni zinaziona ni za kisasa zaidi. Kiwanda kikibadili kutoka kidole kwenda sura, kiwaachie wanaotaka kubaki na kidole. Zipo pia mashine zinazosoma mishipa ya damu ndani ya kiganja, na hizo hazijali sana ngozi ya juu ikiwa imesagika. Ni ghali zaidi, nafahamu.

Ndiyo maana nikasema sharti kubwa ni hasara imwangukie nani. Kama mashine ikikataa maana yake ni "hukuja kazini", basi tumerudi kwenye kipande cha siku 30. Kama mashine ikikataa maana yake ni kwamba msimamizi na mfanyakazi mwenzake wanatia sahihi kwenye kitabu, mtu anaingia, analipwa siku yake, na kabla ya mwisho wa wiki anasajiliwa vidole vingine, hapo tuna chombo cha haki. Mafundisho ya kuharakisha ujira wa mfanyakazi kila mwanafunzi hapa ameyahifadhi. Hayakuweka udhuru wa mashine. Na mwenye kusajili asajili vidole vingi tangu siku ya kwanza, vya mkono wa kushoto vikiwemo, maana ndio mkono usioshika panga kwa wengi wetu.

Kitu kingine ambacho wauzaji wa mashine hawakisemi kwa sauti: mashine haijui wewe ni nani. Inajua tu kwamba wewe wa leo ni yule yule aliyesajiliwa mwanzo. Binamu akisajiliwa siku ya kwanza kwa jina la mwenye cheti, basi kila asubuhi mashine itamshuhudia uongo wake, tena ushahidi wenye saa na dakika. Badala ya kuondoa wizi wa jina, itakuwa imeupigilia misumari. Dawa yake ni kidole kulinganishwa na kumbukumbu za NIDA siku ya kuajiriwa, kama kampuni za simu zilivyotakiwa kufanya. Ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20, inayoanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, iliunganishwa na vidole vyako siku ulipopanga foleni ukabonyeza. Vidole vile vile haviwezi kuwa vya watu wawili, na hapo ndipo cheti cha binamu kinapogonga mwamba.

Hata hivyo msidhani wajanja wamelala. Katika usajili wa laini kulikuwa na mawakala waliomwambia mteja, "kidole hakijasoma, rudia," na kila aliporudia wakasajili laini nyingine kwa jina lake, ikaja kutumika katika utapeli. Kila mwenye simu hapa nyumbani apige *106# aangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mchezo huo huo unaweza kufanyika getini au kwa wakala wa vibarua, kwa hiyo kijana akiambiwa arudie mara ya tatu na aulize ni kwa nini, kwa adabu lakini aulize. Na huko Brazil, Machi 2013, katika mji wa Ferraz de Vasconcelos karibu na São Paulo, daktari mmoja alikamatwa akiwa na vidole sita vya silikoni alivyokuwa akitumia kuwawekea wenzake mahudhurio katika mashine. Daktari! Kama wenye elimu ile walifika huko, mlinzi wa kibinadamu anayetazama ni nani anaweka kidole bado ana kazi yake getini.

Mwisho kuna suala la amana. Neno la siri la simu likiibwa unalibadili jioni ile ile. Kidole kikiibwa, yaani hesabu zake zikitoka nje ya kompyuta ya kiwanda, huna kingine cha kuazima. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka alama za mwili katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Ipo na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Msidhani ni mambo ya karatasi tu. Katika jimbo la Illinois, Marekani, lenye sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2008, madereva wa malori waliishitaki kampuni ya reli ya BNSF kwa kuchukuliwa vidole vyao getini bila ridhaa ya maandishi. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi, na mwaka 2024 shauri likaisha kwa suluhu ya dola milioni 75. Walikuwa ni madereva tu waliosimama getini kupakia mizigo.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe anakwenda kuanza kazi msimu huu, mwambie asome karatasi kabla ya kubonyeza. Aulize vidole vyake vitatunzwa wapi, nani mwingine atavipata, na msimu ukifungwa vitafutwa lini. Ofisa wa utumishi aliye mkweli hatakasirishwa na maswali hayo.

Na yule binamu asiye na cheti? Hatuwezi kumnyima cheti chetu halafu tukamwacha na mikono mitupu. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ada yake familia ichange kama tunavyochanga kwenye harusi. VETA Mikumi ipo hapo hapo barabarani, inafundisha ufundi. Na kwa mtu ambaye tayari ni fundi mzuri wa kuchomelea au umeme lakini hakusoma, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani na kumpa mtu cheti chenye jina lake mwenyewe.

Waliobaki ni wale ambao wako ndani tayari, miaka sita au kumi, kwa jina la mtu. Wapo, na baadhi yao watoto wao wanasoma madrasa hii. Mshahara waliokwisha kuula hukumu yake waiulize kwa mashekhe, si kwa mwandishi wa jarida. Mimi nawaambia jambo moja la kidunia: wakamuone msaidizi wa kisheria, wao na mwenye cheti kwa pamoja, kabla kiwanda hakijatangaza siku ya kusajili vidole. Waende na kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, na taarifa ya michango ya NSSF, na wamchukue na mke, kwa sababu yeye naye ni mwenye haki katika shauri hilo.